Kinyozi Aliyeizunguka Nchi ya Ngome

Haya ninayowasimulia ni kweli tupu, ndugu zangu. Mkiukuta humu uongo hata mdogo, nitaosha vyombo nyumbani kwetu mwezi mzima, na masufuria yaliyoungua nayo yamo.

Jioni ile nyumbani kwa kinyozi palikuwa shwari. Mkewe, mpishi mstaafu wa shule, alikaa mezani na karatasi yake, miwani puani, mguu mbovu kauegesha juu ya stuli. Alikuwa akipanga matembezi ya kwanza ya maisha yake, kwenda kuiona nchi ile ya ngome za wafalme wa kale. Aliyawekea akiba tangu enzi za kukoroga masufuria ya shule.

"Baba, tukishatoka kwenye ngome, ziwa liko wapi?"

"Hapohapo. Unageuka tu, unaliona."

"Na goti hili litafika?"

"Hata jasho halitakutoka."

Kinyozi alijibu bila kupepesa macho. Hadithi ya safari yake kule aliwapa wateja tangu ujana, na mtu mwenye wembe shingoni habishi. Walimwita Mtalii. Alidai aliizunguka nchi ile kabla hajaoa, na kwamba darajani alifuatwa na mbwa mweupe asiyetaka kuachana naye.

Kumbe hakuwahi kuvuka mpaka wowote. Alichokuwa nacho ni kalenda ya zamani ya picha, aliyoificha kwenye droo ya taulo kinyozini. Januari ngome, Februari ziwa, Machi daraja. Kwake yeye, kutoka ngome mpaka ziwa ilikuwa kufunua ukurasa.

Ninyi mnaocheka, ngojeni.

Asubuhi walikwenda ofisi ya safari. Mpishi aliikabidhi karatasi yake kwa fahari. "Mume wangu huyu ndiye mwenyeji wa kule," akamwambia karani.

Karani, dada mpole, alisoma akakunja uso. "Mama, kutoka ngome hii mpaka ziwani ni kutwa nzima kwa treni. Kisha mnapanda mlima kwa miguu. Nani kawaambia ni kugeuka tu?"

Kinyozi alikohoa. "Labda wamelihamisha."

"Ziwa, mzee?"

Ili kuwasaidia, karani akatoa kalenda. "Ofisi yetu huichapa kila mwaka. Picha ni zilezile tangu zamani, bosi hataki kubadilisha." Akaifunua mbele ya mpishi. Ngome. Ziwa. Daraja, na juu ya daraja, mbwa mweupe.

Mpishi alisogeza miwani, akaweka kidole juu ya picha.

"Hata mbwa," akasema.

Kinyozi aliinama kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Alitamani sakafu impokee.

Njiani mke alitangulia, akichechemea, wala hakukubali kushikwa mkono. Mlangoni ndipo alipogeuka. "Wateja wako walikuwa wanacheka tu, hawakukuamini. Mimi ndiye niliyekuamini. Nilipochoka kule jikoni nilijiambia, kwangu kuna mtu aliyefika. Na goti hili ungelipeleka mlimani, baba, kwa kuogopa kusema hujui."

Kesho yake kinyozi alivifunika vioo vya kinyozini kwa taulo, maana kila alipoinua macho alijiona. Wateja wakauliza, "Mtalii, kuna msiba?" Akawaeleza yote, mashine ikinguruma mkononi. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi.

Siku chache baadaye mkewe alimwekea chai na karatasi mpya, safari imepangwa upya na karani, kwa mwendo wa goti.

"Utakuja," akasema. "Utabeba mkoba. Na kila kona utauliza njia, kwa sauti, nikusikie."

"Nitauliza, mama."

FUNZO

Majigambo ya kijiweni hayabaki kijiweni. Yanakufuata nyumbani, na anayeumia ni yule anayekuamini kuliko wote. Kama hujafika, sema hujafika. Aibu yake ni ya dakika moja, na mwenzako hatapotea njia kwa sababu yako.

Nilipofika hapa kuandika, mke wangu akachungulia begani kwangu, akasoma. Mpishi ni shoga yake. Anasema mbwa wa picha ile alikuwa wa kahawia, na kioo cha kinyozini ni kimoja tu, tena kimepasuka.

Basi niacheni, ndugu zangu. Maji yameshachemka, na ameanza kunipangia masufuria.