Kidole cha Akiba

Kila asubuhi nilimsaidia baba kufungua duka lake la vitambaa mjini Migori, kisha nikatembea kwenda shule. Nasema nikatembea, maana wenzangu walikimbia. Mwaka jana mimi, Fardowsa, nilianguka kutoka kwenye bodaboda. Mguu wa kushoto ukavunjika na mfupa ukaungwa kwa chuma. Mwalimu wa michezo aliniahidi kwamba chuma hicho kikitolewa, atanirudisha kwenye timu ya mbio. Nilipopewa siku ya upasuaji, Jumatatu, nilirukaruka kwa mguu mmoja!

"Uje bila rangi wala piko vidoleni," Sista Mellen alituonya hospitalini, mimi na baba.

Lakini Jumamosi binamu yangu Nasteha alikuwa anaolewa Homa Bay, na harusi bila piko, ile hina nyeusi, ni harusi gani? Baba asingejua, kwa kuwa wanaume hawaingii chumba cha piko, na baadaye mkono ningeuficha ndani ya buibui. Nikajiona mjanja kupindukia. Nilimwambia mpakaji auache mkono wa kushoto. Wa kulia akauchora maua hadi kiwikoni, na ncha za vidole vyote akazipaka zikawa nyeusi tititi.

Jumatatu nikawa kitandani wodini, mkono wa kulia nikiuficha chini ya blanketi.

"Nionyeshe vidole," Sista Mellen akasema. Nikatoa wa kushoto. "Na vile vingine?"

"Viko hivihivi, Sista."

Akaniamini.

Chumba cha upasuaji kilikuwa cha ajabu! Daktari Maranga, mtaalamu wa dawa ya usingizi, alinibana kidole cha kushoto kwa kibanio chenye mwanga mwekundu. Pip, pip, pip! Kwenye skrini ikatokea 98.

"Daktari, hiyo ni nini?"

"Oksijeni iliyo katika damu yako. Mwanga unapenya kidole. Damu yenye oksijeni ya kutosha ni nyekundu ya kung'aa, na ikipungukiwa inakuwa nyekundu ya giza. Mashine inaona tofauti hiyo na kuipa nambari."

"Na hiyo pip?"

"Ni mapigo ya moyo wako. Oksijeni ikishuka, sauti inakuwa nzito, kwa hiyo nasikia hata nikitazama kwingine."

Kumbe moyo wangu ulikuwa unaimba chumbani! Kwa furaha nikatikisa vidole. Nambari ikapotea, na mashine ikapiga kelele.

"Tulia, mama," Daktari akasema akicheka. "Ukiwa umelala huwezi kuniambia kwamba pumzi inakuishia. Kibanio hiki ndicho kitakachoniambia. Kikigoma hapa, mara moja nakihamishia mkono ule mwingine. Huo ndio akiba yangu."

Akachukua sindano ya usingizi.

Moyo ukaanza kunienda mbio, na pip zikaufuata. Nikisema, watanirudisha nyumbani na mbio nizikose. Nikinyamaza, je, kibanio kikigoma nami nimelala fofofo?

"Ngoja, Daktari! Akiba haipo!"

Nikautoa mkono wa kulia chini ya shuka. Sista Mellen, aliyenisindikiza hadi chumbani humo, akashika kiuno.

"Fardowsa! Si nilikuuliza?"

"Nilikudanganya, Sista. Nisamehe." Machozi yakanitoka.

Daktari hakunigombeza. Alihamishia kibanio kwenye kidole cheusi. Skrini ikaonyesha 84, kisha vistari vitupu.

"Unaona? Piko inameza mwanga. Ningedhani unakosa hewa, au nisingejua lolote." Akafungua droo na kutoa kibanio kingine, kidogo zaidi, akanibana nacho ndewe ya sikio. "Maua yamefika hapa?"

"Hapana!"

Pip, pip, pip! 99!

"Sasa nina akiba. Hesabu hadi kumi."

Nilifika nne.

Nilipozinduka mguu ulikuwa umefungwa bandeji, na kile chuma kilikuwa ndani ya chupa kando ya mto. Sista Mellen alikaa kitandani pangu.

"Mashine inatueleza oksijeni tu, binti yangu," alisema. "Mengine yote tunakutegemea wewe utuambie. Ukituficha ukweli, unatufunga macho ilhali maisha yako yamo mikononi mwetu. Leo umetufungua macho kwa wakati."

Miezi mitatu baadaye nilikimbia kutoka dukani hadi shuleni bila kusimama. Nilipofika langoni nilishika kifua, nikasikia pip, pip, pip, nikacheka peke yangu.