Anwani Moja kwa Mji Mzima

Wakati wa likizo, msichana mmoja alifuatana na mama yake kazini kila asubuhi, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na mtu wa kubaki naye. Asubuhi moja, alipofika tu, alitoa kitambaa mfukoni na kufuta kiti kabla ya kukikalia. Kisha alifuta meza. Kisha aliokota vikombe vya chai vilivyolala pale tangu jana, akavibeba kwa ncha za vidole hadi kwenye beseni, pua ameikunja kama aliyebeba panya. Mafundi walimcheka na kumwita Bibi Afya.

"Bibi Afya, leo umetupa maksi ngapi?" Mjomba alimuuliza.

"Sufuri. Hiki kikombe kimeota ukungu."

"Usikioshe basi, huo ni uyoga wangu wa mchana!"

Bibi Afya aliguna kwa kinyaa, lakini kicheko kilimtoka. Mjomba alikuwa mdogo wake mama, na hakuna mtu pale ofisini aliyempenda zaidi yake. Alimstahimili hata kwa zile karanga alizotafuna kutwa, maganda yake akiyapukutisha juu ya kibodi ya kompyuta.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya kampuni ndogo ya mtandao. Ilinunua intaneti kutoka kampuni kubwa yenye mkongo, yaani ule waya mnene upitao chini ya ardhi kutoka mji hadi mji, kisha ikaigawa kwa maduka, shule na hospitali ya mji wao. Mama ndiye aliyekuwa mkuu wa mafundi. Fundi mwingine alikuwa mzee mwembamba waliyemwita Kamusi, maana hakuacha neno la mtu lipite bila kulisahihisha.

Asubuhi hiyo hata chai haijachemka, simu zilianza kulia. Shule haina mtandao. Duka la dawa halina mtandao. Mwenye hoteli alifoka mpaka mama akasogeza simu mbali na sikio.

"Wote wamepotea," mama alisema. "Hebu angalieni kwetu."

Kamusi alijaribu kompyuta yake, haikufungua kitu. Ya mama vilevile. Ni ya Mjomba peke yake iliyokuwa ikionyesha mpira, wachezaji wanakimbia bila kukwama.

"Mnaona?" Mjomba alisema huku akimenya karanga. "Yangu iko safi. Kwa hiyo mitambo yetu haina kasoro. Hao wa mkongo ndio wametuharibia. Si walisema wangebadilisha mitambo yao usiku?"

Mama alipiga simu kampuni ya mkongo, akaiweka kwenye spika ili wote wasikie. Ilipokewa na dada mwenye sauti ya upole.

"Mama, mkongo ni mzima," alisema dada huyo. "Mitambo yetu mipya inapitisha kile tu mlichotuagiza. Kwenu naona anwani moja, na hiyo moja inapita vizuri."

"Anwani ya mtandao?" mama aliuliza.

"Ndiyo, anwani ya mtandao."

Kamusi alirukia hapohapo. "Samahani, dada, mtandao hauna anwani. Mashine ndiyo yenye anwani. Mtandao una fungu la anwani."

"Sisi huku tunaita anwani ya mtandao, mzee."

"Basi mnakosea!"

"Anwani ni anwani," Mjomba aliingilia. "Tusipotezeane muda."

"Si hivyo hata kidogo! Wewe ukisema anwani, mimi nielewe nini? Ya mashine? Ya mtandao? Ya nyumbani kwako?"

Wakaanza kurushiana maneno, Mjomba anapiga meza, Kamusi anachokonoa meno kwa kijiti na kukielekeza kwenye simu kana kwamba dada anakiona. Bibi Afya aliwatazama kwa karaha. Simu tatu zilikuwa zikilia bila mtu wa kuzipokea, na watu wazima hawa walikuwa wakigombea jina la kitu.

"Nyamazeni!" mama alisema. "Mji mzima umekatika, nyinyi mnafundishana sarufi?"

"Sarufi ndiyo iliyotukata," Kamusi alijibu, safari hii bila kelele. "Sikiliza, mkuu. Sisi tuna namba nyingi zinazofuatana, kama nyumba za mtaa mmoja. Kila mteja ana yake. Zote pamoja ndizo fungu. Ukimwambia tarishi kwamba mtaa wako una nyumba moja tu, barua za nyumba nyingine zote atazirudisha. Huyu dada anasema anaiona moja. Nani aliyempa moja?"

Mkono wa Mjomba ulisimama nusu ya njia ya kwenda mdomoni.

Bibi Afya aliuona mkono ule, na hapo akaikumbuka jana. Alikuwa ameketi karibu na Mjomba simu ya kampuni ya mkongo ilipoingia. Walitaka kuthibitisha anwani kabla ya kubadilisha mitambo. "Anwani gani?" Mjomba aliuliza, kisha akajidai anakohoa. "Aa, ndiyo, ndiyo, nimekuelewa." Akasoma namba iliyobandikwa juu ya kompyuta yake mwenyewe, akakata simu. "Sikujua wanataka nini," alimnong'oneza Bibi Afya, akamkonyeza. "Lakini ukijifanya unajua, watu wanakuheshimu." Na Bibi Afya alicheka.

"Jana nani aliongea nao?" mama aliuliza.

"Mimi," Mjomba alisema. "Niliwapa fungu lote, dada yangu. Namba baada ya namba. Huyo msichana wa simu hakuandika. Ndio kawaida yao, wanaajiri watu wasiojua kazi."

"Kaka, mimi niliandika ulichonisomea," sauti ya upole ilisema kwenye spika, sasa ikitetemeka. "Nilikusomea tena mara mbili."

"Wewe huna unachojua!" Mjomba alifoka.

Mama alikunja uso. "Dada, sitabishana na wewe. Nitazungumza na mkuu wako. Uzembe kama huu si wa kuvumiliwa." Akakata simu na kuanza kutafuta namba ya mkuu huyo.

Vikombe vyenye ukungu, beseni lenye utelezi, vijiti vya meno vya Kamusi, vyote hivyo vilikuwa vimewahi kumtia Bibi Afya kinyaa, lakini si kama uwongo huu. Mjomba alimtazama kwa pembe ya jicho. Kisha, polepole, alisukuma mfuko wa karanga mezani mpaka ukafika mbele ya Bibi Afya, akatabasamu lile tabasamu lake tamu. Msichana aliuangalia mfuko ule kama aliyeletewa kitu kilichooza. Akausukuma ukarudi ulikotoka.

Simu ya mezani ililia, Kamusi akaipokea. Alikuwa muuguzi wa hospitali. Mtoto ameanguka kutoka ghorofani. Picha ya kichwa chake ilikuwa tayari, lakini daktari bingwa wa kuisoma yuko mji mwingine, na picha haiendi. Mtandao utarudi lini?

"Tunashughulikia, mama," Kamusi alisema. Hakuwa na neno la kusahihisha.

Bibi Afya alisimama. Hakuwa amewahi kumkatisha mtu mzima, sembuse kumkanusha mjomba wake mbele ya watu.

"Mama, samahani. Usimpigie mkuu wa yule dada."

"Si sasa, mwanangu."

"Yule dada hana kosa. Nilikuwepo. Mjomba alimsomea namba ile pale." Aliinyooshea kidole karatasi iliyobandikwa kwenye kompyuta. "Hiyo moja tu. Alisema hakujua wanataka nini."

Mjomba alijichekesha. "Mtoto huyu! Anajua nini mambo ya anwani?"

"Hajui," mama alisema. Aliweka simu chini. "Wewe unajua. Nitazame mimi, achana na mtoto. Ni kweli au si kweli?"

Mjomba aliangalia maganda ya karanga kwenye kibodi.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Nilidhani... Niliona aibu kumuuliza."

Mama hakupoteza muda wa kugomba. Alipiga tena kampuni ya mkongo, akamwomba dada yule radhi kwanza, kisha akampa Kamusi simu. Mzee alisoma namba ya mwanzo ya fungu na namba ya mwisho. "Je, umenielewa kwa jina mnalotumia nyinyi?" aliuliza. Dada akarudia kila kitu, naye akaitikia. Chai ilipochemka, kompyuta ya mama ilifunguka, halafu ya Kamusi. Shule ikapiga kushukuru. Muuguzi alipiga baadaye kidogo: picha imefika, daktari bingwa ameisoma, na mtoto anaandaliwa kwa upasuaji ambao usingeweza kungoja.

Hapo ndipo mama alipomgeukia ndugu yake. Hakupaza sauti, ila uso wake ulikuwa uleule ambao Bibi Afya huwa nao mbele ya beseni chafu.

"Unanitia kinyaa," alisema. "Na si kwa sababu hukujua. Kutojua hakumchafui mtu. Mimi mwenyewe naanza siku nyingi bila kujua, nauliza, najua. Kilichooza ni kuliona kosa lako limemwangukia mwenzako, ukakaa kimya unatafuna karanga. Yule dada angefukuzwa kazi. Na kuna mtoto amelala kitandani akisubiri huku wewe ukilinda heshima yako. Chukua simu."

Mjomba alimpigia dada wa kampuni ya mkongo, akamwomba msamaha mbele ya wote, bila mzaha na bila kujitetea. Halafu mama akamshika binti yake bega.

"Na mimi nimekosea," alimwambia. "Nilikimbilia kulaumu kabla ya kuuliza. Umefanya vyema kusema, tena umesema kwa adabu."

"Lakini jana nilicheka, Mama," Bibi Afya alisema kwa sauti ndogo. Machozi yalimlengalenga. "Alipodanganya kwamba ameelewa, mimi nilicheka."

"Basi leo umejua kwa nini hakikuwa kichekesho. Ukiwa darasani, mwalimu akiuliza kama umeelewa nawe hujaelewa, usiitikie. Inua mkono. Atakayekucheka atanyamaza baada ya muda, lakini uwongo wa kujidai unajua utaulipia wewe, au atalipia mwingine asiye na hatia."

Bibi Afya alifuta macho. Alikwenda akasimama kando ya meza ya Kamusi.

"Babu, sijaelewa vizuri ile habari ya fungu. Mtu anajuaje linaishia namba gani?"

Kamusi alifurahi kama aliyepewa zawadi. Alivuta karatasi safi na kuanza kuchora mtaa wenye nyumba nyingi. Nyuma yao kulisikika kiti kikiburuzwa. Mjomba alikuwa amekileta mpaka pale, akaketi karibu na mpwa wake, mikono mitupu magotini.

"Anza mwanzo, mzee," alisema. "Hata mimi sijui."