Picha ya Mama Chini ya Bustani

Kati ya treni yenye miguu ya kuku na twiga aliyevaa miwani, ukuta wa ukumbi wa sanaa wa mtaa ulikuwa na pengo. Inspekta alilitazama pengo hilo, mikono nyuma, kisha akamgeukia msimamizi wa ukumbi.

"Ilikuwa picha ya nini?"

"Ya mama aliyelala chini ya bustani. Nywele zake ni mizizi, naye anawashonea sisimizi nguo. Aliichora mtoto tunayemwita Nukta, kwa udogo wake. Leo alasiri kila mtoto atasimama kando ya picha yake awaeleze wageni alichokiwaza. Nukta atasimama kando ya nini?"

"Na mimi je? Kibarua changu kimeshaota nyasi," alisema mlinzi mlangoni, ambaye wenzake walimwita Kobe.

"Mlango ulivunjwa?"

"Haukuguswa, afande."

"Ulilala?"

"Nilisinzia. Kusinzia si kulala."

"Hakimu atakueleza tofauti yake."

Inspekta aliinama. Ukuta ulikuwa umevikwa kitambaa kizito, na michoro ilishikizwa kwa pini zilizochomekwa moja kwa moja. Pini za picha iliyoibwa hazikuwa sakafuni. Zilikuwa kwenye pindo la kitambaa, zimelazwa kwa mpangilio, kila moja imeingia na kutokea tena, ncha yake imefichwa.

"Watoto huingia humu na viatu?"

"Huvivua mlangoni."

"Mwizi mwenye haraka hutupa pini. Huyu aliogopea nyayo za watoto. Nani aliyeshona vitambaa hivi?"

Msimamizi alisita. "Bibi yake Nukta. Jana jioni nilimwacha peke yake akimalizia pindo."

Chumba cha bibi kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa. Cherehani ilikuwa ikienda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Jana ulitoka ukumbini na nini?"

"Mkasi wangu na uzi."

"Na nini kingine?"

Cherehani ikanyamaza. Inspekta alimweleza kuhusu pini, taratibu, bila kupandisha sauti.

"Kumbe mikono yangu mwenyewe imenichongea," alisema bibi. Akafunua vitambaa vilivyokunjwa, akaitoa picha. Haikuwa na kunyanzi hata moja.

"Kwa nini, mama?"

"Mama yake Nukta ni binti yangu. Alifia hospitali ya mbali, akazikwa huko huko. Mtoto alikuwa na surua, sikuweza kwenda naye. Niliporudi aliniuliza, nikamwambia mama amesafiri. Nilikusudia kumweleza kesho yake. Kesho ikazaa kesho nyingine." Aliifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. "Jana nikaiona picha. Nikajiambia, ni mawazo ya kitoto tu. Halafu nikawawaza wageni wakimwinamia na kumuuliza mama yake yuko wapi. Sikutaka ausikie kwa watu baki ukweli ambao mimi nimeshindwa kuutamka. Nikaifunga ndani ya kitambaa, nikampita mlinzi, nikamtakia usiku mwema. Ndivyo nilivyoiba."

Mlango ulisukumwa. Nukta aliingia na mkoba wa shule, akaiona picha, akamwona Inspekta. Alimshika mkono wa shati akamvuta hadi kizingitini.

"Wewe ni polisi?"

"Ndiyo, binti."

"Usimuulize Bibi mambo ya picha ile."

"Kwa nini?"

Nukta aliangalia nyuma, akanong'ona kwa sauti ambayo watoto hudhani haisikiki. "Mama alikufa. Jirani alisema, nikasikia. Lakini Bibi hajaambiwa. Yeye anajua Mama amesafiri. Akijua atalia."

Nyuma yao kiti kilisogea. Bibi alikuwa amesimama, mkono mmoja juu ya cherehani, akimtazama mjukuu wake kama mtu aliyembeba muda mrefu bila kujua kwamba naye alikuwa akibebwa.

"Nukta," alisema, "njoo ukae hapa na mimi."

Inspekta alitoka, akauvuta mlango nyuma yake, akampigia simu msimamizi.

"Picha imepatikana. Ameichukua bibi yake Nukta. Amekiri, na sababu amenieleza. Utamshtaki?"

"Bibi yake?" alisema msimamizi. "Hapana. Italetwa saa ngapi?"

Kupitia dirisha, alimwona Nukta mapajani mwa bibi, akimfuta macho kwa kipande cha kitambaa.

"Wageni wasubiri kidogo," alisema Inspekta.