Koti la Ukoo

Babu alikuwa fundi cherehani, mwana wa fundi cherehani, mjukuu wa fundi cherehani. Wa kwanza katika mlango huo wa mafundi aliitwa Pima-Kwanza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akitia mkasi kitambaani kabla ya kupima mara tatu. Mwanawe aliitwa Neno-Moja: akikuahidi kwamba nguo yako itakuwa tayari Jumanne, hukuwa na haja ya kuja kuuliza Jumatatu. Hawakuwa matajiri. Lakini walipopita njiani watu walisimama kuwaamkia, wala hakuna mteja aliyewahi kudai kwamba kipande cha kitambaa chake kilipotelea dukani mwao. Babu alijivunia watu hao, na ilikuwa haki yake.

Walichomwachia ni cherehani ya kukanyaga kwa miguu na koti dogo la sufu, la kijivu, ambalo Pima-Kwanza alimshonea mtoto wake wa kwanza. Kila mtoto wa ukoo alilivaa alipotimiza miaka mitatu. Baada ya hapo lilirudishwa katika sanduku la bati na kumwagiwa vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, likangoja mtoto mwingine.

Mjukuu wake mkubwa, msichana wa miaka kumi na miwili, alikwisha kulivaa zamani. Watu walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Hata hivyo, mbele ya Babu ulimi huo ulikuwa butu.

Mdogo wake hakuzaliwa katika nyumba ile. Wazazi wa Sindano walimwasili, wakamfanya mtoto wao, kutoka kituo cha kulelea watoto miezi minane kabla ya mambo haya. Siku alipofika alishika pindo la gauni la Mama kwa mikono miwili, akakataa kuliachia hata wakati wa kula. Tangu hapo akaitwa Pindo. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, hivyo Mama ndiye aliyejifunza mambo yake yote: kwamba haogopi mbwa ila anaogopa milango inayofungwa, na kwamba hali mpaka aone wewe umeonja kwanza.

Siku walipomchukua Pindo, mlezi mkuu wa kituo alimkabidhi Babu bahasha yenye kadi ya afya ya mtoto. Walipofika nyumbani, Babu alimpa Sindano ile bahasha bila kuifungua.

"Iweke sandukuni, chini ya koti," alisema. "Na unisikie vizuri. Katika nyumba hii hakuna mtoto wa kuletwa. Atakayeitaja karatasi hii amemfukuza mdogo wake. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Babu."

Mama alipouliza kadi ile inasema nini, Babu alijibu, "Ni karatasi za kawaida tu, mkamwana. Nimeziweka mahali salama."

Lakini Sindano alikuwa ameifungua bahasha na kuisoma kadi kabla ya kuiweka. Iliandikwa kwa herufi kubwa: DAMU YA MTOTO HUYU INA UPUNGUFU WA KURITHI. ASIPEWE DAWA YOYOTE KABLA DAKTARI HAJAIONA KADI HII. VIDONGE VYA NONDO VISIWEKWE KATIKA NGUO ZAKE.

Ijumaa moja Pindo alitimiza miaka mitatu. Babu alifungua sanduku, akalikung'uta koti, akamvika. Chumba kizima kilijaa harufu kali. Sindano aliliona koti, akaikumbuka kadi.

"Babu," alianza, "ile kadi..."

"Kadi gani?" Babu aliuliza bila kuinua sauti.

Sindano alitazama vidole vya miguu yake. "Hakuna, Babu."

Ulikuwa msimu wa baridi, na Pindo alilipenda koti lake. Alilivaa Ijumaa, akalivaa Jumamosi na Jumapili, akalala nalo. Jumapili jioni rafiki wa Sindano, binti wa jirani aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, alipita akaziba pua.

"He! Mdogo wako ananuka kama kabati la bibi harusi wa mwaka arobaini na saba!"

"Na wewe unanuka maneno," Sindano alimjibu. Walicheka wote. Pindo pekee hakucheka. Alikuwa ameketi kizingitini, kichwa amekiegemeza ukutani, kama mzee aliyechoka na safari.

Jumatatu asubuhi Mama aliondoka alfajiri kwenda kazini. Alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate. Sindano alivaa sare ya shule, akamwamsha Pindo kumnawisha, kama afanyavyo kila siku. Alipomkalisha kwenye sufuria yake ya haja, mkojo ulitoka mweusi kama kahawa. Akamgeuza kuelekea dirishani. Midomo ilikuwa myeupe na macho yalikuwa ya manjano. Pindo alipojaribu kusimama, magoti yalilegea akaanguka.

"Babu! Njoo!"

Babu alikuja, akamtazama, akamzungushia koti vizuri ili asipigwe na baridi. Redio alitumwa kiwandani kumwita Mama. Babu na Sindano wakapanda teksi.

Katika chumba cha dharura walipokewa na daktari mwanamke, kijana, mikono ya koti lake jeupe imekunjwa hadi viwiko. Alimgusa Pindo tumbo, akamfunua kope, akamwambia muuguzi achukue damu mara moja. Kisha akamgeukia Babu.

"Mzee, damu ya mtoto huyu inavunjika, na sijui inavunjwa na nini. Katika ukoo wenu kuna aliyewahi kugeuka manjano namna hii? Kuna mwenye maradhi ya damu ya kurithi?"

Babu alinyoosha mgongo. "Daktari, sisi ni watu tunaojulikana. Vizazi vinne. Hakuna."

"Amewahi kukatazwa dawa yoyote? Ana kadi?"

"Hakuna."

Alilosema kuhusu ukoo lilikuwa kweli tupu, na kwa ukweli huo alimficha mtoto asionekane na daktari.

"Na wewe, binti? Una la kuongeza?"

Sindano aliyaona macho ya Babu. Yalikuwa macho yaliyomfundisha kusoma, kushona kishikizo, kuamkia wakubwa.

"Hakuna," alisema.

Daktari alizungumza na muuguzi kwa sauti ya chini, lakini Sindano alikuwa karibu. "Ikiendelea kushuka hivi, moyo wake hautafika mchana. Nakwenda maabara mwenyewe."

Mlango ukafungwa. Pindo, aogopaye milango inayofungwa, hakushtuka hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha Sindano kuliko yote. Babu akainama, akavuta kola ya koti mpaka kidevuni mwa mtoto, na ile harufu ikapanda ikamwingia Sindano puani.

Alitoka mbio. Nyuma yake alisikia, "Wewe! Rudi hapa!" Kwa mara ya kwanza maishani hakugeuka. Alimkuta daktari mwisho wa ukumbi, akamshika mkono wa koti.

"Daktari, nimekudanganya. Mtoto huyu si wa ukoo wetu. Tumemwasili. Kadi ipo, imesema damu yake ina upungufu, imekataza vidonge vya nondo. Na lile koti... koti limejaa vidonge hivyo. Amelivaa tangu Ijumaa."

Daktari hakungoja neno jingine. Alirudi mbio.

"Mvueni hilo koti! Litoeni nje, mbali na wagonjwa. Mwogesheni mwili mzima. Andaeni damu ya kumwongeza." Kisha akamtazama Babu. "Mzee, mtoto amekuwa akivuta sumu yake kwa siku tatu, na hata hapa kitandani mlikuwa mmemfunika nayo."

Babu alisimama na koti mikononi. Wakati huo huo Mama aliingia, unga umemganda mikononi, akamkuta mwanawe uchi, mweupe kama karatasi, wageni wanne wamemzunguka. Daktari alimweleza kwa maneno machache.

"Nilikuuliza, Baba," Mama alisema polepole. "Siku ile ile nilikuuliza kadi inasema nini."

"Nilitaka awe wetu."

"Alikuwa wetu tangu aliposhika pindo la gauni langu. Wewe ulitaka asiwe na alikotoka." Akamgeukia Sindano. "Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu alipokuja, Mama."

Sindano alingoja kofi. Halikuja. Mama alimpa mgongo, akainama juu ya kitanda. Kofi lingekuwa afadhali.

Babu alikunja mkono wa shati akataka kutoa damu. Walimpima, haikulingana. Ya Mama pia haikulingana. Ikaletwa damu kutoka katika akiba ya hospitali, ndani ya mfuko wenye namba tu, bila jina la aliyeitoa. Mtu asiyejulikana ukoo wake wala mlango wake ndiye aliyemrudishia Pindo rangi ya midomo. Babu aliketi akaitazama ikidondoka, tone kwa tone, mpaka mfuko ukaisha.

Pindo alikaa wodini siku kumi na sita. Alipona, lakini hakurudi alivyokuwa. Figo zake ziliumia. Ilibidi zipimwe kila mwezi, na daktari hakuahidi kitu. Baba alirudi kutoka safarini, akasikiliza habari yote, akala chakula chake peke yake. Babu alipotaka kumbeba mtoto, Mama alisema, "Mwache kwanza, Baba." Alisema kwa heshima zote, na aliendelea kusema hivyo kwa wiki nyingi.

Koti lilitundikwa uani, kambani. Likapigwa na jua, likanyeshewa, wala hapakuwa na aliyelianua. Siku moja Babu alilitoa mwenyewe. Hakupima mara tatu. Hakupima hata mara moja. Alilikatakata kwa mkasi wa Pima-Kwanza, akalitia motoni huko nyuma ya uzio, mbali na mtoto. Kisha akaitoa kadi sandukuni, akaigongelea ukutani juu ya cherehani, mahali ambapo kila aingiaye angeisoma.

Akamwita Sindano.

"Ijumaa ile ulitaka kusema. Ulimwogopa nani?"

"Wewe, Babu."

"Basi kosa la kwanza ni langu, nami nitalibeba. Niliona haya kwa jambo lisilostahili kuonewa haya. Neno-Moja alikuwa na neno moja kwa sababu lilikuwa la kweli. Mimi nilidhani ni kwa sababu lilikuwa lake. Lakini usijifiche nyuma yangu, mjukuu wangu. Daktari alikuuliza wewe, ukasema hakuna. Nilikufundisha kumheshimu mkubwa. Sikukufundisha kumheshimu mpaka mdogo wako afe. Mkubwa akikuamuru unyamaze, na kimya chako kinaumiza mtu, mwambie, 'Shikamoo, Babu, lakini nasema.' Kisha useme."

"Nisamehe, Babu."

"Si mimi wa kuombwa. Kamwombe mdogo wako. Nami nakuja nyuma yako."

Nanyi vijana mnaosoma habari hii, msiseme ni ya Sindano peke yake. Kila mmoja wenu analo jambo alilolijua akalifunika kwa sababu mkubwa alikunja uso. Nyanyukeni, mkalitaje leo kwa anayepaswa kulisikia, maana si kila mtoto atangoja siku tatu.