Wakili wa Muuzaji

Kila Jumamosi asubuhi, akishachota maji na kufagia uwanja, Minza aliketi barazani kwao pale Dutwa na kuwasomea watu karatasi zao. Walimletea barua kutoka kwa watoto walioko Mwanza, kadi za kliniki na vibandiko vya dawa ya pamba. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na kichwa kilikuwa kimeanza kumvimba. Watu walimwita msomi, naye aliitika.

Baba yake, Masele, hakujua kusoma, lakini kwa ng'ombe hakuna aliyemweza. Akitaka kununua dume, alimwendea mara tatu. Alimfungua kinywa, akampapasa mbavu, akauliza mama yake alizaa mara ngapi. Siku ya mwisho alikwenda na rafiki yake Malimi, ili naye amkague upya. Kwa namna hiyo hakuwahi kuuziwa ng'ombe mgonjwa.

Mwaka ule wanunuzi binafsi walianza kugombania pamba, na waliovuna vizuri wakaanza kutafuta nyumba mjini. Wengine walitafuta sifa tu. Masele alikuwa na sababu ya kweli. Mama yake, Bibi Milembe, alikuwa na ugonjwa wa moyo, na kila wiki alipakiwa kwenye baiskeli kupelekwa hospitali Bariadi. Daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba safari zile zitamuua.

Mfanyabiashara mmoja, Sylvester, alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko la Bariadi. Alitaka ng'ombe kumi na wawili. Masele alikubali, kisha akauliza kama haingefaa atafute mwanasheria.

"Wa nini tena, mzee wangu?" Sylvester alisema. "Wangu yupo hapa hapa, Bwana Marcelo. Atatuandikia sote wawili, na gharama ni juu yangu."

Masele akaona amepata cha bure. Mtu aliyemkagua ng'ombe mara tatu alimkubali wakili kabla hajamaliza soda yake. Hakumuuliza leseni wala hakuuliza nani mwingine amewahi kumtumia. Aliona tai na muhuri, akaridhika.

Bwana Marcelo alitoa karatasi mbili zilizoandikwa kwa Kiingereza. "Ndiyo lugha ya sheria," alisema. "Inasema umenunua nyumba."

"Mimi nina msomi wangu," Masele alisema kwa majivuno, akamsogezea karatasi Minza aliyeketi kando yake. "Soma, mayu, mama yangu."

Minza akasoma. Aliona neno la nyumba, la ng'ombe, na la mwaka mmoja. Mengine yote hakuyajua. Huu mwaka mmoja ni wa nini? alijiuliza. Alitaka kusema haelewi, lakini Sylvester alikuwa anamtazama huku anatabasamu, na baba alikuwa amekwisha kumsifu.

"Iko sawa, baba," alisema. "Nyumba ni yetu."

Masele akachovya kidole gumba kwenye wino, akakandamiza.

Wakahamia. Masele aliezeka bati jipya na kuchimba choo, na mkewe Esteria akapanda mipapai. Sylvester alipita mara kwa mara kusifu kazi yao. Bibi Milembe alipewa chumba cha tatu, akawa anakwenda hospitali kwa miguu yake, na jioni aliwaigiza wauguzi mpaka Minza akashika mbavu kwa kicheko.

Mwaka ulipotimia, Sylvester alikuja na mgambo wanne. Mvua ilikuwa inanyesha.

"Mkataba wenu wa kupanga umekwisha," alisema. "Wale ng'ombe walikuwa kodi ya mwaka."

"Mimi nilinunua," Masele alisema. "Binti yangu alisoma."

"Basi muulize binti yako."

Wote walimgeukia Minza, naye akainamisha kichwa. Mgambo walitoa vyombo, wakakitupa kitanda cha Bibi Milembe kwenye matope, na bibi mwenyewe wakamketisha juu ya gunia kwenye mvua. Alimuuliza mjukuu wake kwa sauti ya chini kama kweli alisoma. Minza alijibu kwamba alisoma ila hakuelewa.

Walirudi Dutwa, na safari za baiskeli zikaanza tena. Wiki ya tatu Bibi Milembe alifia njiani, mikono yake ikiwa imemshika mwanawe kiunoni.

Baada ya msiba Malimi alimchukua Masele hadi Mwanza. Safari hii walimkagua wakili kama wanavyokagua ng'ombe. Waliwatafuta watu watatu aliowahi kuwatetea, wakaomba kuona leseni yake, wakamuuliza kama ana lolote na Sylvester. Jina lake lilikuwa Klementina, na maswali yao hayakumuudhi hata kidogo.

Ilichukua miezi minane. Mahakama iligundua kwamba Marcelo hakuwa wakili kabisa, bali karani aliyefukuzwa kazi. Mkataba ulifutwa na ng'ombe tisa wakarudishwa. Watatu walikuwa wamechinjwa zamani.

"Mzee Masele," Klementina alisema siku ya hukumu, "ukinunua ng'ombe, unamwachia muuzaji akukagulie?"

"Hapana."

"Basi wakili wa muuzaji humlinda muuzaji. Tafuta wako, ulizia habari zake, na umtume ofisi ya ardhi akahakikishe nyumba ni ya nani kabla hujatoa hata ndama." Kisha akamgeukia Minza. "Nawe, sitakubembeleza. Kutojua Kiingereza si kosa. Kosa ni kusema umeelewa. Ungesema hujui, baba yako angesita, na bibi yako asingeketishwa kwenye mvua."

Minza alilia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Mwezi uliofuata walipata nyumba nyingine Bariadi, ili Minza asome sekondari mjini. Klementina aliandika mkataba kwa Kiswahili, akampa Minza ausome kwa sauti. Kwenye mstari wa tatu Minza alisimama.

"Hapa sijaelewa," alisema.

Masele akakiondoa kidole chake kwenye wino, akasubiri mpaka binti yake alipoelezwa neno kwa neno. Nyumba ile ilikuwa na vyumba viwili tu. Cha tatu hawakukihitaji tena.