Radi na Ngoma Kubwa ya Shule

Kila asubuhi mtaa mzima ulijua kwamba Radi ameamka. Mlango ulibamizwa, ndoo ikaburutwa, kisha sauti yake ikavuka ukuta hadi kwa jirani: "Bibi, soksi yangu moja iko wapi?" Jina hilo alibandikwa na bibi yake alipokuwa mchanga, kwa sababu ya kilio chake, na alipofika darasa la sita lilikuwa limemkaa barabara. Darasani alijibu swali kabla mwalimu hajalimaliza. Kwenye foleni ya maji aliwapiga wenzake vikumbo. Hakuwa na roho mbaya. Subira tu ndiyo iliyompiga chenga.

Basi mwalimu wa bendi ya shule alipomkabidhi ngoma kubwa, wenzake walishika vichwa.

"Mwalimu, huyu atatutoboa masikio!" alilalamika Sindano, mvulana mwembamba aliyepuliza filimbi.

"Tutaona," alijibu mwalimu huku akimfunga Radi mkanda wa ngoma mabegani. "Ila kumbuka, binti, asiyemaliza kazi za darasani hagusi chombo changu."

Sharti hilo lilimbana Radi kwelikweli. Baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, alianza kumkuta kila jioni ameinamia hesabu, ulimi nje, kalamu mkononi. Alifurahi, lakini bendi yenyewe hakuipenda.

"Nilikupeleka shule ukasome, si ukapige kelele," alisema. "Kelele unazo za kutosha hapa hapa nyumbani. Siku ya wazazi nitakuja kuwatazama. Nikiona ni fujo tupu, ngoma unairudisha."

Lakini ngoma ile Radi alikuwa ameshaipenda. Kila alipoigonga, aliisikia ikimtetemesha kifua, naye akajiona mkubwa kama nyumba.

Tabu ni kwamba aliipiga kama anayefukuza mwizi. Tarumbeta zilimezwa, filimbi zikapotea, na bendi nzima ikawa inakimbia nyuma yake. Siku moja mwalimu alimnyang'anya kirungu cha kupigia, akamsimamisha katikati ya wenzake.

"Leo kazi yako ni kusikiliza tu. Kisha utaniambia nani anapata shida."

Radi alinuna. Bendi ikaanza bila yeye, kwa kasi ileile aliyoizoesha. Mara ya kwanza hakusikia chochote cha maana. Mara ya pili aliona mabega ya Sindano yakipanda. Wimbo ulipofika kwenye kipande kirefu cha filimbi, mvulana yule alikuwa mwekundu macho, pumzi zimemwishia.

"Ni Sindano," alisema Radi polepole. "Pale hana nafasi ya kuvuta pumzi."

"Na ni nani humnyima nafasi hiyo?"

Radi alitazama viatu vyake. "Mimi. Huwa nakimbia."

Kuanzia hapo alijifunza upya. Aligonga, akasubiri, akasikiliza, akagonga tena. Mikono ilimuuma kwa kujizuia kuliko ilivyowahi kumuuma kwa kupiga. Bibi naye akaanza kumwuliza kama anaumwa, maana nyumba ilikuwa imepoa.

Siku ya wazazi ilifika. Bendi ilijipanga safu mwanzo wa barabara, ikaanza kutembea kuelekea shuleni, sare zikimeremeta, watu wamejaa pande zote mbili. Baba alisimama mbele ya karakana yake, amekunja mikono, miwani ya kuchomelea imepanda kwenye paji la uso.

Walipomkaribia, lori lililokuwa limeegeshwa kando lilipiga honi kwa nguvu. Watoto wa mbele waliruka. Tarumbeta moja ikanyamaza, nyingine ikachomoka mbele, filimbi zikatawanyika kama vifaranga. Watu wakaanza kucheka.

Radi alimwona baba akitikisa kichwa. Mkono wake ulimwasha. Angeweza kuifunika aibu ile yote kwa kishindo kimoja. Lakini aligeuka, akamtafuta Sindano kwa macho, akagonga taratibu: *du*, akasubiri, *du*, akasubiri. Sindano alivuta pumzi, akaingia. Filimbi ya jirani yake ikamfuata. Tarumbeta iliyotangulia ikarudi nyuma, iliyonyamaza ikafunguka, na miguu yote ikakanyaga pamoja. Vicheko vikakatika. Halafu mama mmoja akaanza kupiga makofi, na barabara nzima ikamfuata.

Sherehe ilipokwisha, baba alikuja hadi uwanjani, masizi bado mikononi. Radi akaanza kufungua mkanda wa ngoma ili airudishe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Acha hiyo mahali pake." Alimgeukia mwalimu. "Mwalimu, mimi nilidhani mnawafundisha kelele."

"Ngoma kupiga kila mtu anaweza, mzee," mwalimu alisema. "Hapa tunafundishana kusikilizana."

Baba alichuchumaa mbele ya binti yake hadi macho yao yakawa sawa. "Mwanangu, nguvu unazo, hilo halina ubishi. Lakini leo wenzako walipotea, na wewe hukuwakimbia wala hukuwazomea. Uliwangoja mpaka wakafika. Mtu mwenye nguvu anayejua kungoja wenzake, huyo ndiye wa kutegemewa. Endelea na bendi yako."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Radi alingoja hadi neno la mwisho, ndipo akajibu: "Asante, baba."