Sare Aliyoikataa Valdis

Walikutana katika Soko Kuu la Riga, kwenye ukumbi wa samaki, Valdis alipomkanyaga Sanita huku macho yake yakiwa kwenye sataranji ndogo ya mfukoni. Sanita, koti jekundu, kapu la samaki wa moshi mkononi, akauchungulia ubao.

"Hapo umeshakufa, kaka."

Kuanzia siku hiyo Valdis hakuwa na lake. Mwaka mzima wakawa ulimi na mate. Kisha Valdis akasikia kwenye klabu yao ya sataranji kwamba Sanita amepata kazi Liepāja, mji wa mbali. Kusikia kwa watu! Sanita akampigia simu, Valdis akaitazama tu ikilia. Moyo ulimwambia ameachwa, wala haukumpa ushahidi.

Jumapili ligi ikawakutanisha ubao mmoja. Sanita alikuwa na kete nyeusi. Hatua ya pili tu akamsukuma mbele askari aliyemkinga mfalme wake, ule ulinzi wa Kilatvia ambao Valdis huuita kuvua koti kwenye theluji. Anamkejeli, au anamkumbusha walivyokuwa wakitaniana? Valdis akachanganyikiwa, na farasi wake akaenda na maji.

Sanita, mchezo ukiwa wake kabisa, akanong'ona, "Sare?"

Anayeshinda haombi sare. Huruma hiyo ilimchoma Valdis kuliko kushindwa. Akatikisa kichwa, akacheza, akafungwa.

Desturi ya klabu, mchezo ukiisha wachezaji wawili hukaa chumba cha pembeni kuurudia. Valdis alishavaa koti.

"Keti, mpenzi. Sare uliikataa kwa nini?"

"Sitaki kuonewa huruma."

"Huruma gani? Mle ukumbini kuongea ni marufuku ila kuomba sare; ningekwambia neno gani jingine, nifukuzwe? Simu hushiki, mlango hufungui. Nilitaka tutoke nje nikuulize kama utakuja nami Liepāja."

Valdis aliona haya mpaka masikio. Akazirudisha kete moja moja hadi pale alipoombwa sare.

"Nimekubali."

"Umechelewa. Ulishacheza."

"Basi sasa naomba mimi."

Sanita akabonyeza saa ya mchezo, dakika zikaanza kukimbia upande wa Valdis. "Kwanza nieleze kwa nini hukushika simu."

Valdis akaeleza, akajikanyaga, akaomba radhi, akaanza upya. Muda ukamwishia akiwa bado katikati ya maneno, na Sanita, kiganja chake kimo mkononi mwa Valdis, hakudai ushindi.